Bampa limebonyea, mlango umebonyea, joto halijasaidia: shida iko wapi

Malalamiko ya hii kazi ya kutoa mbonyeo wa gari kwa joto ni yaleyale kila siku. Maji yamechemshwa, yamemwagwa, bampa limegoma. Draya ya nywele imewashwa robo saa, barafu ikawekwa, mlango uko vilevile. Au mbonyeo umetoka vizuri ila rangi nayo imevimba, au bati limeanza kucheza, linaingia na kutoka kila ukiligusa. Nimepanga hapa dalili moja moja, sababu ya kawaida inaanza halafu zile za nadra, na nimesema pa kuacha ni wapi. Tafadhali hizo sehemu za kuacha usizipite haraka maana kuna zinazohusu rangi na kuna zinazohusu uhai wako.

Kitu kimoja kieleweke kabla hatujaenda mbali: joto peke yake halisukumi mbonyeo. Linafanya nini inategemea umeshika nini. Plastiki ya bampa ikipata moto inalainika, na kwa kuwa ilitolewa kwenye kalibu kiwandani ikiwa na umbo lake, ikilainika inataka kurudi kwenye lile umbo, we unaisaidia tu. Bati la chuma ni habari nyingine kabisa. Kwa joto ambalo rangi inaweza kulivumilia, chuma hakilainiki hata kidogo, kinatanuka tu, na kutanuka kwenyewe ni kudogo sana: kipande cha sentimita 20 ukikipandisha nyuzi 60 kinaongezeka kama milimita 0.14 hivi. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya hapo na bado ni kidogo. Kwa hiyo kwenye bati kazi kubwa ya joto la draya ni kuifanya rangi iwe laini isipasuke wakati wewe unasukuma kutoka nyuma. Ukilielewa hili nusu ya maswali yako yameshajibika.

KWANZA JUA UMESHIKA NINI

Chukua sumaku ndogo, ifunge na kitambaa laini isikwaruze, ipitishe kwenye sehemu iliyobonyea na kisha upande wa pili wa gari sehemu ileile. Ikishika sawa pande zote hilo ni bati la chuma. Ikishika upande mzima vizuri ila hapa inashika kwa kulegea, chini ya rangi kuna pati, ile lami ya kujazia mashimo kabla ya kupaka rangi, yaani hiyo sehemu ilishawahi kunyooshwa. Isiposhika kabisa ni alumini, plastiki au faiba, au pati ni nene mno.

Kwa bampa, angalia upande wa ndani, kuna herufi zimechapwa kwenye plastiki yenyewe. Ukiona >PP+EPDM< au TPO umepata plastiki inayokubali joto vizuri. ABS nayo inalainika ila ina haraka ya kuharibika umbo. Ukikuta GF au SMC ujue kuna nyuzi za kioo ndani yake, hiyo usiipeleke kwenye moto, haitarudi, itapasuka. Faiba na kaboni faiba ni hivyohivyo.

Halafu angalia umbo la mbonyeo. Simama upande ambao unaona mwanga wa taa ndefu au mstari wa fremu ya dirisha ukijiakisi kwenye rangi, sogeza kichwa polepole mpaka ule mstari upite juu ya mbonyeo. Kama mstari unapinda kwa ulaini, unaingia na kutoka bila kukatika, mbonyeo ni wa juujuu na una nafasi. Kama mstari unavunjika ghafla mahali fulani, unafanya kona, hapo kuna mkunjo, na mkunjo kwenye bati hautoki kwa draya. Hii njia ya kuangalia mwanga ndiyo wanayotumia hata mafundi wa kutoa mibonyeo bila kupaka rangi, haina gharama, na itakuambia ukweli kuliko kupapasa na kiganja.

DALILI: Nimemwaga maji ya moto, bampa halijatoka

Hii ndiyo inaongoza. Sababu ya kwanza, na ndiyo ya wengi, ni kwamba hakuna aliyesukuma kutoka nyuma. Mtu amemwaga maji mbele akasubiri bampa lijirudie lenyewe. Mara chache linajirudia kweli, likiwa limebonyea pana na jepesi, lakini mengi yanahitaji mkono. Lala chini au toa lile plastiki la kukinga tope ndani ya tairi, klipu zake nyingi zinatoka kwa bisibisi bapa, uone kama mkono unafika nyuma ya mbonyeo. Usisukume na ncha ya bisibisi wala kona ya spana, tumia kiganja chenye glavu nene au mpini wa mbao uliofungwa kitambaa.

Na hapa ndipo watu wanaungua: maji yanamwagwa juu, wewe uko chini na mkono uko nyuma ya bampa, maji yanapita kwenye uwazi yanashuka moja kwa moja kwenye mkono na shingo. Mwage kwanza, weka birika chini mbali, ndipo uingize mkono. Kama mpo wawili kubalianeni nani anasema "mwaga", asimwage mtu yeyote kabla.

Sababu ya pili joto halikufika ndani. Bampa lina unene wa kama milimita 3, maji yanateleza yanaondoka kabla hayajapasha chochote, na kama kuna baridi ndo kabisa. Tandaza taulo juu ya mbonyeo, mwagia taulo, liache likae, rudia tena, yaani taulo linashikilia maji ya moto pale unapotaka. Na usipashe katikati ya mbonyeo tu, pasha mpaka nje ya ukingo wake, maana ule ukingo uliozunguka ndio uliokaza na ndio unaozuia katikati isitoke.

Sababu ya tatu ni vitu vya nyuma. Ndani ya bampa kuna sponji gumu la kupunguza mshtuko na nyuma yake kuna chuma cha kukinga. Ikiwa lile sponji limevunjika likakaa vibaya au bano limepinda, bampa linavutwa ndani, na hata ulilainishe vipi litabaki vile. Angalia nafasi kati ya bampa na madigadi kushoto na kulia, zikiwa hazilingani usiendelee na maji, tafuta kilichopinda kwanza.

Ya mwisho ni kwamba plastiki imejikunja kwa ukali au imevutika kupita kiasi, maji ya nyuzi 100 hayatoshi kwa hiyo. Hapo ndo unaenda kwenye mashine ya hewa ya moto, hitigani, na hii kitu naomba uiheshimu. Draya ya nywele ni vigumu kuharibu nayo rangi, lakini hitigani ikiwekwa juu inatoa hewa ya nyuzi 500 na zaidi. Weka kiwango cha chini, kaa umbali wa sentimita 15 mpaka 20, mkono usisimame, zungusha, na kama bampa linaweza kufunguliwa pasha kutoka upande wa ndani usio na rangi. Ukiwa na kipimajoto cha miale pima upande wa rangi, ukikaribia nyuzi 80 mpaka 90 punguza. Rangi za bampa hukaushwa kwenye joto la kama nyuzi 80, kwa hiyo kukaa muda mrefu juu ya hapo ni kuitafutia matatizo.

Acha hapa: bampa limechanika mpaka ndani, au nyuma yake chuma cha kukinga kimepinda, au nyuma ya sehemu unayotaka kupasha kuna rada au kamera. Chuma cha kukinga kikipinda hilo si suala la urembo tena, ni kinga yako ya ajali ijayo, mpelekee fundi.

DALILI: Lilitoka vizuri, baada ya muda limerudi ndani

Sababu ni kuachia mapema. Plastiki ikiwa bado ya moto inapokea umbo lolote utakaloiachia, sasa wewe umesukuma, likatoka, ukafurahi, ukaondoa mkono, nayo ikapoa ikiwa imerudi nusu. Ukishalitoa lishikilie palepale, mwagia maji ya baridi au weka kitambaa cha maji mpaka ukigusa usisikie uvuguvugu hata kidogo. Pasha tena, sukuma zaidi kidogo ya usawa, shikilia, poza. Likiendelea kurudi kila mara gari ikishinda juani, basi nyuma kuna kitu kinalivuta, rudi kwenye mabano na klipu.

DALILI: Limetoka ila limebaki na alama

Vinundu vidogo vinavyotokeza nje: umesukuma na kitu chembamba. Pasha tena kile kinundu peke yake, kibonyeze kutoka nje na kitu bapa chenye kitambaa, poza.

Mawimbi yanayoonekana mwanga ukipita: plastiki ilivutika wakati wa kugongwa na sasa ni kubwa kuliko nafasi yake. Unaweza kupunguza kwa kupasha kwa upole na kupoza haraka mara kadhaa, lakini kurudi kama kioo usitegemee, hapo ni pati ya plastiki na rangi.

Weupe kwenye plastiki nyeusi isiyopakwa rangi ni plastiki iliyovutika, joto dogo la hitigani likipitishwa juu juu hupunguza sana ule weupe. Lakini ile michoro yake ya vipele vipele ukizidisha moto inayeyuka inakuwa sehemu laini inayong'aa, na hiyo haitengenezeki tena, kwa hiyo jaribu kwanza sehemu iliyojificha.

DALILI: Rangi imepasuka

Mara nyingi ilishapasuka siku ile ile gari ilipogongwa, ila nyufa zilikuwa zimejifunga kwenye mbonyeo, ulipoutoa zikafunguka. Kabla hujaanza safisha vizuri, kausha, mulika na taa ya pembeni, utaziona kama nywele. Ukiziona ujue mapema kwamba utanyoosha umbo ila rangi itapakwa tu.

Sababu inayofuata ni kusukuma kukiwa na baridi. Rangi ya juu, ile klia, ikiwa baridi ni kavu na ngumu, ikiwa ya uvuguvugu wa nyuzi 40 mpaka 60 inavumilia kupinda. Ukigusa na nyuma ya mkono usikie moto unaokufanya uutoe baada ya muda mfupi, uko karibu na hapo. Ya tatu ni rangi nene iliyopakwa juu ya rangi nyingine, au pati chini yake, hiyo haipindi, inakatika.

Kwenye plastiki ufa wa rangi unaweza kusubiri. Kwenye chuma usisubiri, maji yanaingia na kutu inaanza kutambaa chini ya rangi nzima, funika hata kwa rangi ya kugusia mpaka upate fundi.

DALILI: Rangi imevimba malengelenge, au imefifia, au imegeuka

Zima mashine kwanza. Halafu usiguse, usitoboe, usimwagie maji ya baridi ghafla, acha ipoe yenyewe.

Kinachosababisha sana ni mkono kusimama sehemu moja. Ukiangalia kwa karibu rangi inakupa ishara kabla haijafa: mng'ao unapungua, juu panaanza kuonekana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, kisha ndo lengelenge linanyanyuka. Ukiona ule mng'ao unabadilika tu ondoa joto, bado uko salama.

Sababu ya pili ni gari iliyorudiwa rangi. Rangi ya kiwandani kwenye bati hukaushwa kwenye oveni kwa nyuzi zaidi ya 120, lakini rangi ya gereji mara nyingi hukaushwa kwa nyuzi 60 hivi, au haikuingia oveni kabisa, kwa hiyo havina uvumilivu sawa. Na kama chini kuna pati, pati ikipashwa inaachia, na unyevu uliokuwa umejificha ndani yake unatafuta njia ya kutoka. Ndo maana nimesema sumaku kwanza. Pale sumaku inaposhika kwa kulegea usitumie joto kabisa, hakuna bati la kunyoosha pale, kuna pati.

Stika na karatasi za kukinga rangi nazo zinajikunja, zitoe kabla.

Rangi iliyovimba hairudi. Ni msasa, praima na rangi mpya, na usiendelee kupasha ukidhani italala.

DALILI: Nimetumia draya na barafu, au kopo la hewa lililopinduliwa, mlango haujatikisika

Video za njia hii ni nyingi na zinawapa watu matumaini makubwa mno, kwa hiyo niseme wazi: inafanya kazi kwa aina moja tu ya mbonyeo, ule mpana, wa juujuu, usio na mkunjo, ulio katikati ya bati bapa kama boneti au paa, ambao bati halikuvutika, limekwama tu upande wa ndani likisubiri kitu kidogo lirudi. Pale kule kutanuka na kusinyaa ghafla kunaweza kulitikisa likapiga "pwaa" likarudi. Nje ya hapo hapana.

Kwa hiyo usiporudi, angalia kwa mpangilio huu. Kuna mkunjo katikati au pembeni? Je, uko kwenye mstari wa mchoro wa mlango au karibu na ukingo? Hapo bati ni gumu mara nyingi zaidi, halitikiswi na joto la draya. Nyuma yake kuna nguzo ya ndani iliyogundishwa? Milango mingi ina chuma cha kuzuia ajali ndani, na gundi yake inashika bati. Na mwisho, bati limevutika likawa kubwa kuliko nafasi yake?

Kuna hatari mbili ambazo hazisemwi vya kutosha. Makopo mengi ya hewa ya kusafishia kompyuta ndani yake hayana hewa, yana gesi ya difluoroethane, na hiyo inashika moto. Ukilipindua linatoa majimaji ya baridi kali ambayo yanageuka gesi palepale, sasa wewe una hitigani mkono mmoja na kopo mkono wa pili, hicho ni kiwasho na petroli. Kama lazima utumie kopo, basi joto liwe la maji tu, hakuna hitigani, hakuna kiberiti, hakuna sigara, na uwe nje. Barafu kavu nayo ina nyuzi 78 chini ya sifuri, inaunguza ngozi, glavu nene si hiari, na inageuka kuwa kabonidayoksaidi, kwa hiyo usiitumie kwenye gereji iliyofungwa wala ndani ya gari, na usiifungie kwenye chombo kisichotoa hewa, kitapasuka. Juu ya hapo baridi ya ghafla kwenye rangi ya moto inaweza kuipasua.

Kinachofanya kazi kweli kwenye mlango ni kupasha uvuguvugu halafu kusukuma kutoka ndani polepole, pointi kwa pointi, ukianzia kingo ukielekea katikati, jicho likiwa kwenye ule mstari wa mwanga. Toa kava la ndani la mlango, shusha au pandisha kioo kulingana na unakofika. Ila tenganisha betri kwanza, subiri dakika chache, maana milango mingi ina sensa ya eabegi, ule mfuko wa hewa wa ajali, ndani na magari mengine yana eabegi yenyewe ubavuni.

DALILI: Navuta kwa gundi ya moto, gundi inabanduka

Hii ni njia ya kubandika kishikio juu ya mbonyeo kwa gundi ya moto kisha kukivuta nje. Bati chafu au lina waksi, lisafishe na spiriti. Bati la baridi sana, gundi inakauka ngumu inaruka, pasha bati kidogo kabla ya kubandika. Bati la moto sana kwa jua, gundi haikazi, inateleza, ingia kivulini. Kutoa gundi tumia spiriti pembeni yake, usiingize kisu. Na kama gari imerudiwa rangi usivute kabisa, utatoka na rangi mkononi.

DALILI: Bati linacheza, linaingia na kutoka kwa sauti

Hapa ndipo watu wanaharibu magari yao zaidi, kwa sababu wanasikia kwamba bati linalocheza dawa yake ni moto wa gesi, wanachukua tochi.

Tulia kwanza. Sababu ya kawaida si bati kuvutika, ni kingo. Unapogongwa, katikati inaingia na pembeni panainuka kamlima kadogo kuzunguka mbonyeo. Ukisukuma katikati bila kukilaza kile kilima, bati linakosa pa kukaa, linarukaruka. Tafuta kilima kwa mwanga, kilaze kwa kugonga taratibu na kitu cha plastiki ngumu au mbao huku bati likiwa la uvuguvugu, halafu jaribu tena. Mara nyingi sana kucheza kunaisha hapo na hakuna moto uliowashwa.

Ya pili, gundi ya ndani. Kati ya bati la nje na chuma cha ndani cha mlango au boneti kuna madonge ya gundi laini ya kuzuia bati lisitetemeke. Yakiachia, bati zima linakuwa legelege hata bila mbonyeo. Hiyo inatibiwa kwa kugundisha upya, joto halihusiki.

Ya tatu ndo bati lililovutika kweli, limekuwa kubwa kuliko nafasi yake. Hili fundi analisinyaza kwa moto: anachagua sehemu ndogo kama kifungo cha shati, anaipasha mpaka iwe nyekundu, anagonga kuzunguka pale kwa nyundo huku doli, kile kipande cha chuma cha kukingia, liko nyuma, kisha anaweka kitambaa cha maji. Bati lililopashwa linataka kutanuka, limebanwa na la baridi lililolizunguka, linajikusanya, na likipoa linavuta la jirani. Anarudia sehemu nyingine mpaka bati likaze. Wengine wanatumia ncha ya umeme badala ya gesi, joto linakuwa dogo zaidi na ni salama kwa bati jembamba.

Kama hujawahi kufundishwa hii usijifunzie kwenye gari unayoendesha, na sababu zenyewe ni hizi. Ukizidisha bati linajikunja kote, na kulirudisha ni kazi kubwa kuliko mbonyeo wenyewe. Rangi ya nje inaungua na kinga ya ndani inaungua pia. Rangi za kisasa zikiungua zinatoa mvuke wa isosayaneti unaoharibu mapafu, na bati lenye zinki likichomwa linatoa moshi mweupe unaomfanya mtu apate homa na kutetemeka usiku, barakoa ya vumbi haizuii hata kimoja. Alumini ndo hatari zaidi, haiwi nyekundu kukuonya, inayeyuka kwenye nyuzi 660 au hata chini ya hapo ikiwa bado inaonekana vilevile, unashtukia kuna tundu. Na hata kipimajoto cha miale kinadanganya kwenye chuma kilichosuguliwa kinachong'aa, kinasoma chini kuliko joto lenyewe, usikiamini hapo.

Na kuna sehemu ambazo hata fundi hatakiwi kuzipasha: nguzo za milango, vizingiti vya chini ya milango, reli za mbele na nyuma. Magari ya sasa yanatumia chuma kigumu sana sehemu hizo, uimara wake umetokana na namna kilivyopashwa na kupozwa kiwandani, ukikipasha tena unaua ule uimara, kwa macho kinaonekana kizima na siku ya ajali kinakunjika. Mtu akikuambia atanyoosha nguzo kwa gesi, chukua gari yako uondoke.

DALILI: Kuna harufu ya kuungua au moshi unatoka sehemu nyingine

Zima chanzo cha joto, wote watoke kwenye gari, kaa na kizima moto mkononi. Ndani ya bati kuna waksi ya kuzuia kutu, sponji za kuzuia kelele, nyaya, na vyote vinashika moto taratibu bila mwali kuonekana. Moshi ukikoma usiamini, rudi uguse na uangalie tena na tena kwa saa moja hivi kabla hujaiacha gari peke yake. Moshi ukizidi au ukiona mwali ndani ya bati, piga simu zimamoto, usianze kufungua mlango kutafuta unakotoka.

Usipashe kabisa karibu na tanki na mdomo wa kujazia mafuta, karibu na reli za paa kama gari ina eabegi za pazia, karibu na nguzo ya mkanda wa kiti maana ule mkanda una baruti ndogo ya kuukaza, na kwa gari za umeme au haibridi karibu na betri au nyaya nene za rangi ya chungwa. Hizi zote ni za fundi mwenye mafunzo ya hiyo gari.

DALILI: Baada ya kazi sensa za kuegesha zinalia bila sababu

Sensa imesogea kwenye kishikizo chake, au waya umechomoka ulipokuwa unasukuma, au uso wake una tone la gundi. Angalia hayo kwanza. Kama bampa lina rada nyuma yake na umelipasha, umelifungua au limepakwa rangi upya, taa ya onyo ikiwaka au isiwake ipelekwe ikapimwe, rada iliyopinda kidogo inaona gari ya mbele mahali isipokuwepo.

DALILI: Mbonyeo ulishapona, miezi baadaye kutu inatokea

Inatoka ndani. Ulipasha au uligonga, kinga ya upande wa nyuma ikaachia, unyevu ukakaa. Kwa hiyo kila ukimaliza kazi kwenye bati, hata kama nje panang'aa, mulika upande wa ndani, safisha, kausha kabisa, nyunyizia waksi ya mashimo ya bodi kupitia matundu yaliyopo, halafu hakikisha vile vitundu vya kutolea maji chini ya mlango havijaziba na hiyo waksi.